Sentensi za Kupitia Ukutani

Wenzangu mliobaki na chaki mkononi, mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kufundisha Kiingereza, eti vijana wajifunze. Vijana watajifunza wakikosea, kama sisi. Lakini nimestaafu, mtama umeshaingia ghalani, na kukaa bure kunanichosha kuliko darasa lililojaa. Vyeo nilivyopata na mshahara nilioacha havina habari ndani yake. Nitakaa zaidi kwenye mwaka mmoja, kwa sababu huo ndio unaonirudia nikiwa napepeta nafaka, uso ukawaka kwa aibu hali niko peke yangu uani.

Nilimaliza chuo cha ualimu wakati serikali ilikuwa imeamua masomo yote ya shule ya msingi yafundishwe kwa Kiswahili, Kiingereza kibaki somo tu kama masomo mengine. Watu wengi walidhani Kiingereza kimekufa. Hakikufa. Kilibaki na mtihani wake wa darasa la saba, na mtoto aliyeanguka hapo alirudi kuchunga. Chuoni tulifundishwa na mama mmoja mnene, mpole, ambaye hakusahihisha sentensi ya mtu kabla ya kumuuliza, "Sawa, lakini ulitaka kusema nini?" Ukishindwa kumjibu alikurudishia daftari hata kama sentensi haina kosa. Tulimwona msumbufu. Baadaye nikaja kuona kwamba nusu ya makosa ya Kiingereza ni mtu kutokuwa na la kusema.

Niliolewa mwaka huohuo karibu na Kinyangiri, kwenye familia ya mwalimu mkuu. Mume wangu, Elia, alikuwa anafanya kazi reli, huko Itigi, nyumbani anaonekana mara chache. Baba yake ndiye aliyepanda basi hadi ofisi ya elimu ya wilaya akaomba nipangiwe shuleni kwake. "Nimepata mkwe mwenye Kiingereza cha chuo," alisema, "msimpeleke mbali." Kwa hiyo yaliyompata aliyaomba mwenyewe, masikini, na mimi nilifurahi kama mjinga, kwa sababu hakuna aliyekaa chini kufikiri.

Jina lake silitaji. Kwetu Wanyiramba, kwa malezi niliyolelewa mimi, mke hataji jina la baba wa mume wake, hamtazami machoni, haketi naye mahali pamoja, hamsemeshi zaidi ya salamu, wala hambishii. Yeye naye ana heshima yake kwangu, hanisogelei, hanisemeshi ovyo. Nyumbani hilo ni rahisi, kuna uwanja mkubwa na watu wa kupitishia maneno. Shuleni kulikuwa na ofisi moja yenye meza moja. Siku yangu ya kwanza niliingia na barua yangu ya kuripoti, nikamkuta ameketi, nikageuka nikatoka. Yeye naye alikuwa amesimama ili atoke. Tungegongana mlangoni kama si Mwalimu Kiula, wa hesabu, kunipokea ile barua na kumpa.

Tangu siku hiyo Mwalimu Kiula akawa mdomo wetu. Mimi nasimama nje ya dirisha la ofisi nasema, "Mwalimu Kiula, naomba umwambie Mwalimu Mkuu chaki zimekwisha." Mwalimu Mkuu yuko ndani, kasikia kila neno. Anasema, "Mwalimu Kiula, mwambie ziko mbili kwenye kopo." Kiula anageuka dirishani, "Ziko mbili kwenye kopo." Mikutano ya walimu nilihudhuria nikiwa nje, nimekaa juu ya jiwe, sikio dirishani. Watoto walicheka wiki ya kwanza, kisha wakazoea. Wao wenyewe waliwaona mama zao nyumbani wakifanya hivyohivyo kwa babu zao.

Vifaa vyetu msinicheke. Ubao tuliupaka mkaa wa betri kuukuu za redio, uliopondwa na kukorogwa na majani ya kunata, na kazi hiyo ilikuwa ya kila mwanzo wa muhula. Picha nilichora kwenye magunia ya sukari. Vyumba vilijengwa na wazazi kwa kujitolea, matofali mabichi, na kuta za kati waliziachia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, maana matofali yaliisha na mvua ilikuwa imekaribia. Juu, darasa na darasa vilikuwa chumba kimoja. Darasa la tano langu lilipakana na la saba, na la saba lilikuwa la Baba Mkwe.

Baba Mkwe alikuwa mtu wa kwanza kujua Kiingereza upande ule. Alikipata wakati wa wakoloni, kidogo kwa mapadri, kidogo kwa kubeba mafaili ya Mzungu mmoja wa wilaya, na kingine alijitungia. Mgeni yeyote asiyejua Kiswahili akifika, mtaalamu wa mifugo au wa maji, wazee walikuwa wanamtuma mtu mbio amwite. Alivaa koti lake jeusi hata jua likiwa kali, akasimama katikati ya mgeni na watu, akageuza maneno huku na huku. Watu walimwita Mzee Veri, kwa sababu hakuna kitu alichokisema kwa Kiingereza bila kukiongezea "very." Walisema kwa kujivunia. Heshima yake yote kijijini ilikuwa imesimama juu ya hicho Kiingereza.

Na kilikuwa kibovu. Naandika hivi nikiwa na miaka hii yote na bado najisikia kama nimemvua kofia. Akiandika jambo la jana aliweka alama ya jana kwenye kila neno lililokaa karibu, ili mtu asije akadhani ni la leo: "He did went," pale "He went" ingetosha. Aliamini pia sentensi ikiwa fupi ni ya mtoto mdogo, hivyo aliiongezea maneno mpaka mwanzo na mwisho vikasahauliana. Alifundisha kwa moyo wote na kwa fimbo.

Niligundua kwa Naomi. Huyu alikuwa msichana niliyemfundisha darasa la sita kwa muhula mmoja, mtulivu, mwenye kusikia kitu mara moja. Alipoingia la saba alikuja kwangu wakati wa mapumziko, mikono kaikunja kwapani. Nikamwambia anyooshe. Viganja vilikuwa vimevimba.

"Umefanya nini?"

"Nimeandika ile ya kwako, Mwalimu. Alama ya jana nimeiweka mara moja tu."

"Na Mwalimu Mkuu alitaka ipi?"

Akaniambia. Halafu akauliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, kwenye mtihani niandike ipi?"

Swali hilo lilikuwa halali na mimi ndiye niliyelipwa kulijibu. Nikamwambia aende akanywe maji. Mchana nikamfuata Mwalimu Kiula. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani, akasema, "Mwalimu, chaki nitakuombea. Hili la kumwambia Mzee kwamba hajui, na limetoka kwako, usinipitishe mimi. Mambo ya mkwe na mkwe ni moto." Hata sikumlaumu.

Basi nikafanya nilichoweza. Kesho yake, kipindi cha Kiingereza, niliwasimamisha darasa la tano karibu na ukuta, nikafundisha sentensi za jambo lililopita. Hazikuwa za darasa la tano. Nilifundisha kwa sauti ya kuita ng'ombe, nikarudia kosa la upande wa pili, nikasema kwa nini ni kosa, nikasema lililo sahihi, nikawaimbisha. Ng'ambo ya ukuta chaki ilikuwa inakwaruza. Ikanyamaza. Nikafikiri, leo nimekwisha, nitarudishwa kwa wazazi wangu. Halafu nikasikia kitambaa kinafuta ubao, na sauti ya Baba Mkwe, taratibu, ikiwaambia darasa la saba, "Sasa tuangalie njia nyingine ya kusema hayo."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Hatukusemeshana hata mara moja juu ya jambo hilo, si kwa Kiula, si nyumbani. Mimi nilisikiliza somo lake, na kesho yake nikafundisha marekebisho. Alikuwa mwanafunzi mwepesi kuliko wote niliowahi kupata, na nimefundisha wengi. Penye ugumu alikohoa. Akikohoa nilirudia, pole pole, na mfano mwingine. Akikohoa tena nilijua mfano umekuwa mbaya. Fimbo katika darasa la saba ikapungua, Naomi akanyoosha viganja vyake, na mimi nilikuwa natembea kwenda nyumbani na mtoto tumboni ananipiga mateke, nimejawa na furaha. Nilijiona nimepata njia ya kufundisha watoto bila kumgusa mzee wa watu.

Niliyemsahau ni darasa la tano. Walikuwa watoto wazuri, watiifu mno. Walikaa pale mwaka mzima kama bomba la kupitishia maji kwenda shamba la mtu mwingine.

Mkaguzi alikuja karibu na mwisho wa mwaka, mimi nikiwa nimeshajifungua na kurudi kazini, mtoto namwachia Mama Mkwe. Alikuwa kijana, shati la mikono mifupi, mwenye maneno mengi ya ujenzi wa taifa. Alianza na la saba. Kupitia juu ya ukuta nilisikia wanamjibu, mmoja mmoja, sentensi zimenyooka, na yeye anasema "vizuri sana" mpaka akachoka kusema. Naomi alimweleza alivyomuuguza bibi yake, jambo la kweli lililotokea, kwa sentensi fupi zisizo na "very" hata moja. Nilisimama na chaki mkononi nikasikia raha ya wizi.

Kisha akaingia kwangu. Akamwendea mtoto wa mbele, akamuuliza kwa Kiingereza cha kawaida kalamu yake iko wapi. Mtoto akasimama wima, akajibu kwa sauti kubwa: "If the rain had come, my father would have harvested more millet." Yaani kama mvua ingenyesha, baba yake angevuna mtama zaidi. Mkaguzi akamwuliza wa pili jina lake. Huyo naye akamweleza juu ya mvua. Wa tatu akalia. Darasa zima hakuna aliyeweza kusema kalamu iko mezani. Mmoja alidhani huenda amekosea sauti, akairudia ile ya mvua kwa nguvu zaidi, akinitazama mimi nimsaidie. Sikuwa na pa kuweka macho.

Tukaitwa ofisini. Nikakaa kwenye jiwe langu nje. Mkaguzi akachungulia. "Mwalimu, mbona uko huko? Ingia." Kiula akajaribu kumweleza. "Serikali haina mkwe," akasema mkaguzi. "Ingia ndani."

Niliingia. Kilikuwa kimebaki kiti kimoja, mkabala na Baba Mkwe. Nikakigeuza, nikakaa nimetazama ukuta, mgongo kwa watu wote. Mkaguzi akavuta pumzi, akaamua kunivumilia, akaanza.

"Mwalimu Mkuu, darasa lako la saba nimelipenda. Nitalisema wilayani. Lakini huyu dada sijui wamempa cheti cha nini. Watoto wa mwaka wa tano hawajui kusema majina yao! Napendekeza asiguse Kiingereza tena. Umweke nyuma ya darasa lako, umfundishe wewe, taratibu, kutunga sentensi. Akifuzu tutaona."

Ningesema nini, na mbele ya nani? Kiingereza ndicho kilikuwa kazi yangu, sikuwa na nyingine, na nilikiona kinaondoka. Na hapa niseme lililo baya. Nikiwa nimetazama ukuta ule nilikuwa naomba. Niliomba Baba Mkwe aseme. Nilijua kusema kwake kutamgharimu nini, na bado niliomba, kwa nguvu, kama mtu anayeombea mvua kwenye shamba lake peke yake.

Nikasikia anakohoa. Kwa mazoea nusura nirudie.

"Bwana Mkaguzi," akasema, "hicho Kiingereza ulichokipenda ni cha kupitia ukutani. Mimi nilikuwa nakijua kidogo, na hicho kidogo kilikuwa na makosa. Darasa la tano hawajui chao kwa sababu mwaka mzima walikuwa wanatumiwa kunifundishia mimi."

Mkaguzi akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Alicheka peke yake. Kisha akauliza, "Nani alikufundisha?"

Baba Mkwe naye hakuweza kunitaja. "Huyo aliyegeuka," akasema.

Wenzangu, nimewahi kuanguka mbele ya mkutano wa wazazi, nimewahi kusoma hotuba ya mtu mwingine mbele ya waziri. Hakuna aibu kama ile. Ningekuwa na pa kuingia ningeingia. Alikuwa amenipa kile nilichokiomba, na nilipokipata nikajiona mtu mchafu kwa kukiomba.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Aliandika kwamba Kiingereza cha la saba kishikwe na mimi, na Mwalimu Mkuu, kwa kuwa ni mtu mzima mwenye uzoefu, asimamie shamba la shule, maana elimu ya kujitegemea ilihitaji watu makini. Alidhani amepanga vizuri. Nilipoingia la saba Jumatatu hakuna mtoto aliyesimama kunisalimu mpaka Naomi alipowaambia. Nikaandika tarehe ubaoni. Naomi huyohuyo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, Mwalimu Mkuu amekosa nini?"

Kupitia dirishani alionekana anapima mistari ya alizeti kwa kamba, na koti kalivua kalitundika kwenye mpini wa jembe. Nikawaambia wafungue madaftari.

Habari haikukaa shuleni. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Mama Mkwe alinipokea mtoto, akanipa chakula, na hakunisemesha tena. Aliniambia jambo moja tu, siku ileile ya mkaguzi: "Umemvua nguo baba wa watu." Elia alipokuja kutoka Itigi nilimweleza yote.

"Ungekaa kimya," akasema.

"Nilikaa kimya."

Akafikiri. "Basi ungekaa kimya zaidi." Elia hakuwahi kuwa na busara nyingi, lakini hapo huenda alikuwa karibu na ukweli.

Miaka iliyofuata mnaijua wenyewe. Nilihamishwa, nikafundisha Manyoni, nikafundisha wengine kati yenu, na niliwasumbua kwa lile swali la "ulitaka kusema nini." Naomi alikwenda sekondari. Darasa la tano nililirudia tangu mwanzo, kalamu iko wapi, jina lako nani, na wengi wao walikuja kujua, ingawa wawili watatu hawakukipenda Kiingereza tena. Kama mnataka ushauri wa kazi, ni huu: tazama unamfundisha nani, na nani anakaa katikati.

Lakini kabla sijahama kulikuwa na siku ya wageni. Kijiji chetu kilikuwa kimeandikishwa kijiji cha ujamaa, na wilaya ikaleta wageni kutoka nchi za mbali kuona shamba la pamoja. Tulipata habari mapema. Asubuhi hiyo nilipita uani nikamkuta Baba Mkwe ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, amevaa koti jeusi, amefunga vifungo vyote, viatu vimepakwa mafuta. Anangoja kuitwa. Niliinama nikapita upande.

Gari lilipofika, mwenyekiti wa kijiji alimtuma mtu mbio. Yule mtu akakata uwanja, akampita Baba Mkwe, akaja mpaka jikoni nilipokuwa. "Mwalimu, unaitwa. Wageni wamefika."

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwite Mwalimu Mkuu."

"Mwenyekiti amesema wewe," akajibu, na hakujaribu hata kupunguza sauti.

Nilikwenda. Hakukuwa na njia nyingine isipokuwa kupita mbele yake. Nikasimama katikati ya wageni na watu wetu, nikageuza maneno yote, mtama, kisima, idadi ya ng'ombe, na ninavyojua sikukosea sentensi hata moja. Watu walinipigia makofi. Mwenyekiti alisema sasa tuna mtu.

Jua lilikuwa limeinama niliporudi. Alikuwa bado kwenye kile kigoda. Koti hakuwa amelivua. Nikapiga magoti kwa mbali, macho chini, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, Baba."

Kwa kawaida aliitikia neno moja, basi. Safari hii akasema, kwa sauti ya upole ambayo ningeona nafuu kama ingekuwa ya hasira:

"Marahaba, Mwalimu."

Baba mkwe hamwiti mke wa mwanawe hivyo. Nilibaki pale chini, masikio yanawaka, siwezi kuinuka, siwezi kusema asante wala samahani, kwa sababu yote mawili ni ya kumsemesha. Sijui nilikaa muda gani. Mama Mkwe akatoka ndani, akanijia, akanishika mkono.

"Inuka," akasema. "Mtoto wako analia."